Uyoga wa Kakamega: Ujue mmoja kwanza

MVUA za masika zinapoanza, sisi wakazi wa mijini huwaza matope na misongamano ya magari. Lakini hebu fika Kakamega siku hizo, hasa katika vijiji vinavyopakana na msitu. Utawakuta akina mama na watoto wameamka alfajiri, vikapu mkononi, wakielekea mashambani kutafuta uyoga, ule ambao Waluhya wengi huuita obwoba.

Nilikwenda huko nikiwa mbumbumbu. Uyoga niliokuwa nikiujua ni ule mweupe wa mviringo unaouzwa madukani. Nilitarajia kurudi nikijua aina kumi au ishirini za mwituni. Nilirudi nikijua aina moja tu, na hilo, kama utakavyoona, ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Kakamega iko kama kilomita 50 kaskazini mwa Kisumu. Ukitoka Kisumu, shuka Khayega kabla hujafika mjini, kisha ushike barabara ya Shinyalu, nchi ya Waisukha, watu mashuhuri kwa mapigano ya mafahali. Mbele yake ni Isecheno, mlango wa upande wa kusini wa msitu. Wataalamu hueleza kwamba msitu huu ni mabaki ya mashariki ya ile misitu mikubwa ya mvua ya Kongo. Miti yake hufunga anga, na nyani na mbega hukutazama kutoka juu kana kwamba wewe ndiwe kioja.

Usidhani, hata hivyo, kwamba unaweza kuingia humo na kuchuma utakacho. Sehemu ya kaskazini, huko Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, na kutoa kitu ndani yake ni kosa. Kwingineko msituni nako uliza kwanza kwa walinzi. Sisi hatukuingia msituni. Tulichuma shambani kwa mwenyeji wangu, nyanya ya rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye shamba lake limepakana na miti. Kila mtu pale humwita Kukhu, yaani nyanya, nami nikamwita vivyo hivyo.

"Mulembe," alinisalimu, kisha akanikabidhi kikapu na kijiti kilichochongwa ncha. "Leo utabeba tu. Kuchuma utachuma kesho."

Uyoga wa mchwa

Kukhu alinipeleka moja kwa moja hadi kwenye kichuguu kilichokuwa kando ya mahindi. Siku chache kabla, mvua ya kwanza ilikuwa imewatoa kumbikumbi, nao wakakamatwa na kuliwa. Sasa ilikuwa zamu ya uyoga. Ulikuwa umechomoza hapo ubavuni mwa kichuguu, miavuli ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, kila mmoja ukiwa na chuchu ndogo nyeusi juu katikati.

Ajabu ya uyoga huu ni kwamba mkulima wake ni mchwa. Mchwa hutafuna miti na majani makavu, kisha chini ya ardhi hutengeneza kitu kama sega la nyuki. Juu ya sega hilo huota ukungu, ambao hulainisha chakula hicho ili mchwa wapate kukila. Ukungu huo ndio unaozaa uyoga mvua zinapofika. Wanasayansi huuita Termitomyces. Binadamu, pamoja na elimu yake yote, bado hajafaulu kuulima kwa biashara kama anavyolima ule wa madukani. Ndiyo maana ukitaka kuula, huna budi kumngojea mchwa.

Nilitaka kung'oa. Kukhu akanishika mkono. Alichimba polepole kwa kile kijiti, na shina likawa linashuka tu, likiwa jembamba kama mkia wa panya, refu kuliko kiganja changu. "Huu ndio mzizi wa kwenda nyumbani kwao," alisema. "Ukikata juu kwa haraka, umejinyima ushahidi."

Basi hizi ndizo dalili alizonionyesha. Kwanza, uyoga umeota kwenye kichuguu au karibu nacho. Pili, una mzizi mrefu unaoshuka kuelekea kwa mchwa. Tatu, katikati ya mwavuli pana chuchu ngumu, ambayo ndiyo iliyotoboa udongo. Nne, ukiugeuza, zile kurasa nyembamba chini ya mwavuli ni nyeupe au zina wekundu hafifu, kamwe si za kijani. Tano, chini ya shina hapana kifuko wala kikombe.

Nikamuuliza kama dalili tatu zinatosha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mlango wenye bawaba moja utafunga. "Zote," akajibu.

Kuna uyoga mwingine wa mchwa, ule mdogo mweupe unaotokea kwa mamia ardhini kama punje za mchele zilizomwagika. Huo hauna mzizi mrefu. Kukhu huula, lakini alikataa kunifundisha. Alisema huo ni wa watu waliokwisha kuhitimu.

Kikapu kinamwagwa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulipokuwa tukirudi tulipita malishoni mwa ng'ombe, nami nikaona uyoga mkubwa mweupe, mwavuli wake ukiwa mpana kama sahani, umepambwa kwa magamba ya kahawia. Kukhu alikuwa ametangulia. Nikachuma mitatu, nikaitia kikapuni juu ya ile yetu, na moyoni nikajisifu kwamba mwanafunzi amempita mwalimu.

Tulipofika nyumbani alitazama ndani ya kikapu, asiseme neno. Alikwenda nyuma ya nyumba, akachimba shimo, akamwaga kikapu chote. Chote, msomaji! Ile mizuri ya kichuguu pamoja na ile yangu. Nilipouliza kwa nini hakuchagua, alisema uyoga huvunjika vipande na kudondosha vumbi, na kipande kikishaingia katika chungu hakina jina tena. Jioni ile tulikula ugali kwa mboga za majani.

Baada ya chakula ndipo aliponisimulia. Baada ya ukame wa mwaka 1984, mvua iliporudi, watu walikuwa na njaa kali. Jirani mmoja, mke aliyeolewa hapo kutoka mbali, aliona uyoga uliofanana kabisa na ule wa kwao. Aliupika, akawapa watoto kwanza, kama mama yeyote angefanya. Usiku wakatapika na kuhara. Kesho yake wakapata nafuu, wakacheza, na kila mtu akashukuru. Siku ya nne wawili walikuwa wamekwisha kufa.

"Hakuwa mjinga," Kukhu alisema. "Alikuwa anajua uyoga wa kwao. Huu haukuwa wa kwao."

Nilikumbuka maneno hayo baadaye niliposoma habari za Canberra, Australia. Huko, watu waliokula uyoga wa sumu mkesha wa mwaka mpya wa 2012 walipelekwa hospitalini, na wawili wakafariki. Uyoga huo ni Amanita phalloides, wenye asili ya Ulaya, uliofika Australia na hata Afrika Kusini pamoja na mizizi ya miti ya kigeni. Wahamiaji kutoka Asia wameupokea kwa mikono miwili katika nchi za ugenini, maana unafanana na uyoga mtamu wa makwao.

Sumu yake hutenda kama alivyosimulia Kukhu. Mlaji hukaa saa sita hadi kumi na mbili, au hata zaidi, bila kuhisi chochote. Kisha hutapika na kuhara, halafu huja nafuu ya uongo, huku ini likiharibika kimyakimya. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kukausha. Usidanganywe pia na majaribio ya mitaani: kijiko cha fedha, kitunguu kinachobadilika rangi, au ule usemi kwamba kikiliwa na konokono hata mtu atakila. Konokono ana mwili wake na wewe una wako.

Ushahidi wa asubuhi

Kabla ya kulala nilikuwa nimemwomba Kukhu mwavuli mmoja wa ile yangu kutoka shimoni. Niliuweka juu ya karatasi nyeupe, kurasa zikitazama chini, nikaufunika kwa bakuli hadi asubuhi. Uyoga uliokomaa hudondosha vumbi laini, ambalo ndilo mbegu yake, na rangi ya vumbi hilo husema mengi. Ule wa mchwa huacha rangi ya waridi hafifu. Wangu uliacha kijani.

Huo ndio unaoitwa Chlorophyllum molybdites, ambao huota malishoni na kwenye nyasi katika nchi nyingi zenye joto. Ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe kabisa, ndipo unapomnasa mgeni. Mara nyingi hauui mtu mzima, lakini hutapisha vibaya katika muda wa saa chache, na mtoto mdogo unaweza kumhatarisha. Hata hivyo, rangi ya vumbi isiwe hakimu wako peke yake, kwa kuwa kuna uyoga mwingine mbaya wenye vumbi la waridi.

Siku hiyo ya pili nilichuma mwenyewe, Kukhu akiwa nyuma yangu. Nilipita uyoga wa aina tano au sita nisioujua, nikauacha. Kwenye kichuguu nilichimba hadi mwisho wa mzizi, nikahesabu dalili zote kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Adhuhuri aliupika kwa karanga za kusagwa na maziwa kidogo, tukala na ugali wa wimbi. Nisikufiche, ladha yake ni ya nyama ya kuku, lakini ina harufu ya udongo uliopata mvua.

Kwa hiyo, msomaji, ukitamani kuanza, anza hivi. Tafuta mwenyeji anayeula uyoga huo kila mwaka na uende naye. Jifunze aina moja, mahali pamoja. Ukihamia kwingine, jihesabu mwanafunzi upya. Vikapu viwe viwili, usichanganye. Na mtu akiugua baada ya kula, usingoje nafuu: mkimbize hospitalini pamoja na mabaki ya uyoga, hata kama ni maganda.

Nilipoaga, Kukhu alinipa kile kijiti cha kuchimbia. Alisema wajukuu zake wote wako Nairobi, na hakuna aliyekwisha kumuuliza habari za obwoba. Kama nawe una nyanya kijijini, masika ijayo usimpelekee sukari na majani chai tu. Mpelekee pia swali.