Kalamu Badala ya Karamu

Nilimaliza kidato cha sita mwishoni mwa mwaka 2019, na kabla matokeo hayajatoka binamu yangu akanipeleka Nasser Road. Kwa asiyeijua Kampala, hii ni barabara ya katikati ya jiji ambayo, pamoja na jirani yake Nkrumah Road, karibu kila mlango wake ni wa uchapaji. Kuna kadi za harusi, vitabu vya risiti, lebo za chupa, mabango ya wagombea na picha kubwa za marais wa dunia nzima. Watu husema hata vyeti ambavyo havikutoka chuoni hupatikana huko, lakini hayo si ya insha hii.

Binamu hakunifundisha kwa maneno. Alinipa kiti cha plastiki nyuma ya kompyuta yake, nikatazama kwa wiki tatu. CorelDRAW ndiyo programu iliyotawala chumba chetu, na mteja hukaa begani mwa dizaina akiamuru: kuza jina, weka ua, hapana, ua jingine. Nilijifunza kuwa rangi inayoonekana kwenye kioo siyo itakayotoka kwenye karatasi, kwa sababu kioo huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino. Zambarau ya kwanza niliyoipenda ilitoka imepauka kama sare ya shule iliyofuliwa mihula mitatu. Nilijifunza kuacha milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Na nilijifunza kuwa pleti za mashine zikishatengenezwa, kosa lolote huwa ama la mteja ama la dizaina, na mara nyingi huwa la dizaina.

Kosa langu lilikuja Januari 2020. Mama mmoja mwenyeji wa Bukoba, anayeishi Kampala, alikuwa anamwoza mwanawe. Alileta maneno ya kadi yameandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, nami nikayachapa kwa kujiamini sana. Sisi Waganda tunapoandika Kiganda, herufi r huja baada ya e na i tu. Kwingine kote ni l. Tena penseli kwetu ni ekkalaamu. Basi macho yangu yalipofika kwenye neno karamu, mkono uliandika ulichokijua. Kadi 150 zikatoka, nzuri, zenye ukingo wa dhahabu, zikiwaalika ndugu na jamaa kwenye kalamu.

Mama alisoma, akavua miwani, akasoma tena. "Mwanangu," akasema, "hiyo kalamu kila mtu aje na yake, au tutazikuta hapo hapo?" Duka zima lilicheka, nami nikacheka ingawa koo lilikuwa limekauka. Mwenye mashine hakucheka. Alinidai shilingi 90,000 za kurudia kazi, na kwa kuwa sikuwa nazo nikazilipa kwa kukata na kukunja kazi za wenzangu hadi Machi, wiki ile ile shule zilipofungwa kwa sababu ya korona.

Hapo ndipo nilipokuwa dizaina wa kujitegemea. Sikuchagua. Mtaa ulifungwa, binamu akarudi kijijini, nami nikabaki nyumbani na kompyuta ndogo ya mitumba niliyoazimwa na mjomba. Watu wengi hudhani kujitegemea ni kutokuwa na bosi. Mimi nilikuwa na mabosi kumi na mmoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja aliamini kuwa mimi ninabonyeza tu, kazi inafanywa na kompyuta. Kwenye maduka mengi niliyoyaona, usanifu humezwa ndani ya bei ya kuchapa, kama chumvi kwenye mchuzi, hivyo ukimtajia mtu bei ya mchoro peke yake anakutazama kama unamuuzia maji ya mvua. Kwa nembo yangu ya kwanza nilipata shilingi 15,000. Niliirekebisha mara tisa.

Baadaye ukaja uchaguzi. Mikutano mikubwa ilikuwa imezuiwa kwa ajili ya korona, kwa hiyo wagombea walihitaji sura zao ziwe ukutani. Mmoja wao, aliyekuwa akigombea kiti cha udiwani, alinipa kazi ya mabango na vipeperushi. Aliniita "mwanangu" na kuniahidi malipo baada ya wiki moja. Mimi nilikopa uchapaji wa shilingi 380,000 kwa jina langu. Alishindwa, na siku iliyofuata simu yake ikawa haipatikani. Niliuza simu yangu nzuri nikalipa sehemu, nyingine nikailipa kwa miezi saba. Tunakutana naye mpaka leo. Hunisalimu kwa furaha na kuniuliza masomo yanaendeleaje.

Baba yangu ni seremala. Nilipomweleza hakunigombeza. Aliuliza tu, "Umewahi kuniona nikikata mbao ambazo mteja hajanunua?" Tangu siku hiyo sifungui hata faili kabla ya kupokea nusu ya malipo kwenye simu, na rasimu ninazotuma huwa na jina langu limepita katikati ya mchoro. Nimepoteza wateja kwa sababu hiyo. Wanaokasirika zaidi ni ndugu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Yule mama wa kalamu, kwa maajabu ya Mungu, alikuwa amenipendekeza kwa mdogo wake wa Mwanza anayetengeneza siagi ya karanga. Alitaka lebo za chupa na alikuwa ametuma nusu ya malipo. Kazi ilitakiwa Alhamisi tarehe 14 Januari 2021, siku yenyewe ya uchaguzi. Siku mbili kabla, Facebook, ambako ndiko nilikokuwa nikipata wateja, ilifungwa nchini. Jumatano jioni intaneti yote ikazimwa. Lebo ilikuwa imekamilika, imelala kwenye kompyuta yangu, na hapakuwa na njia ya kuitoa.

Jumamosi nilipata salio la kupiga simu ng'ambo. Nilikuwa nimejiandalia sentensi, lakini aliposema "haloo" kwa sauti ya ukali sentensi ikapotea. Nilitaka kumwambia kwamba intaneti imezimwa. Nilichosema ni, "Dada, samahani, nimezimia."

Kimya. Kisha ile sauti ikalainika. "Mungu wangu! Umezimia? Uko hospitali gani? Ni hayo mabomu ya machozi?" Sikuelewa mara moja, lakini nilielewa kwamba hasira imekwisha. Nikajibu, "Ndiyo, dada." Akaniambia nipumzike, lebo itasubiri. Intaneti iliporudi Jumatatu tarehe 18 nilimtumia, akalipa nusu iliyobaki siku ile ile na kuongeza shilingi kidogo za dawa. Ni usiku huo, nikitafuta kwenye kamusi neno nililolitamka, ndipo nilipojua nimekula pesa ya ugonjwa ambao sikuugua.

Walimu wetu hupenda kuuliza kwa nini tulichagua Kiswahili. Wenzangu hujibu kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, au uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Uganda wa Julai 2022 kuhusu Kiswahili. Majibu hayo ni mazuri, na uamuzi huo umenipa kazi kweli: chati za alfabeti na za sehemu za mwili kwa shule mbili za msingi, ambazo nililipwa kwa maneno na kwa mchoro, kila kimoja na bei yake. Lakini mimi nilijaza fomu ya chuo kwa sababu ya kalamu na kuzimia. Ada ya muhula huu imetoka kwenye lebo.

Dada wa Mwanza bado ni mteja wangu. Mwezi uliopita alitaka chupa mpya ya gramu 800, nikamwandikia mwenyewe maneno ya nyuma, viambato na namna ya kuhifadhi, naye hakubadilisha hata herufi moja. Alipomaliza kulipa alituma ujumbe wa sauti, kama afanyavyo kila mara, akiniuliza kama ninakula vizuri na kama ile hali ya kuzimia haijarudi.

Nilimjibu kwamba naendelea vizuri.