Kabla ya Chemko

Kazi ya starehe niliianzia mlangoni, nikikata tiketi katika ukumbi mmoja wa Kinondoni miaka ya 1980, wakati mashabiki wa bendi za Sikinde na Msondo walipoligawana jiji la Dar es Salaam kama Simba na Yanga. Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi: kiingilio cha bendi, baa ya mwenye ukumbi. Kwa hiyo bosi wangu alitazama kreti za bia. Mimi nilitazama miguu. Wimbo wa dansi huanza polepole, mwimbaji akitoa kisa chake, watu wametulia mezani wakisikiliza maneno. Kisha magitaa yanashikana, ngoma zinabadilika, chemko linaingia, na viti vyote vinabaki vitupu. Nilijifunza kupima ile subira. Ikizidi, watu wanaangalia saa. Ikipungua, chemko linakosa utamu kwa kuwa hakuna aliyelingoja.

Kwa elimu hiyo nikafungua ukumbi wangu Temeke. Mgao wa umeme uliponikuta sina jenereta, niliuza pikipiki, nikanunua jenereta, na Jumamosi hiyo tukapiga hadi alfajiri. Nilizipenda sana alfajiri zile: wapiga tarumbeta wakinywa supu na mafundi mitambo, wahudumu wakihesabu chupa kwa sauti za chini. Mtaani waliitwa wahuni. Mimi sijapata kufanya kazi na watu waungwana kuliko wao.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ikaruhusu redio za binafsi, na mwaka uliofuata Radio One ikawa hewani. Baadaye nami nikalipia saa moja ya Jumamosi jioni katika kituo kimoja kipya, nipige dansi. Meneja wa vipindi akanitaka nikate kila wimbo dakika ya nne ili matangazo yapate nafasi. Dakika ya nne! Katika nyimbo zetu nyingi, hapo ndipo chemko linaanza kunukia. Nilitii wiki tatu, na hadi leo naona niliwadhulumu wanamuziki wale. Wiki ya nne nikapiga wimbo mzima, na fedha ya tangazo lililokosa nafasi nikaitoa mfukoni mwangu.

Jumatatu kondakta wa daladala ya Mbagala akaja kunitafuta ukumbini. Alisema walifika mwisho wa safari, dereva akazima injini, akaiacha redio, na abiria hawakushuka mpaka wimbo ulipoisha.