Jasho na Heshima: Sauna Katika Nyumba ya Familia

Kwa mtu aliyezaliwa na kulelewa Tanga, ambako jasho humtiririka mtu hali ameketi barazani, ni ajabu kusikia kuwa wako watu wanaojenga chumba kizima ndani ya nyumba zao kwa ajili ya kutokwa na jasho tu. Lakini ndivyo ilivyo katika nchi ya Finland, yenye wakazi wapatao milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kufikia milioni 3. Mwezi Desemba mwaka 2020 shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni wa sauna wa nchi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Zamani, wanawake wa Kifini walijifungulia humo, na maiti waliogeshwa humo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine penye joto, maji na usafi wa kutosha.

Jambo hili limenihusu kwa sababu dada yangu mkubwa na mumewe wamejenga nyumba katika mji wa Oulu, kaskazini mwa nchi hiyo, ambako usiku wa Januari baridi huweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Mama yetu, aliyekwisha kuvuka miaka sabini, anaishi nao tangu baba yetu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika majira yake ya kwanza ya baridi magoti yalimkaza, vidole vikamfa ganzi, akaanza kusema maneno ambayo hakuna mtoto apendaye kuyasikia: “Nirudisheni nikafie kwetu.” Shemeji aliona kwamba ikiwa kila jirani ana chumba cha joto, mama mkwe wake naye apate. Akanitumia michoro kwa simu na kuniambia: “Shemeji, wewe ndiye uliyesimamia ujenzi wa mahali pa kutawadhia pale msikitini. Hebu itazame hii kabla sijatia saini.” Majira ya baridi yaliyofuata nilijaaliwa kwenda kuwatembelea, nikaiona kazi yenyewe kwa macho yangu.

Wasomaji wasidhani kuwa mambo haya ni mageni kabisa kwetu. Nani kati yetu hajafunikwa blanketi akapigishwa nyungu alipobanwa na mafua? Na aliyefika Unguja ameyaona mabafu ya Hamamni, yaliyojengwa katika zama za Sultan Barghash, na yale ya Kidichi, ambayo Seyyid Said aliyajenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Tofauti ni kwamba hamamu hutumia mvuke mwingi na joto la wastani, ilhali sauna ya Kifini huwa na joto la nyuzi 70 hadi 90 au zaidi, na hewa iliyo kavu mpaka mtu amwagie mawe ya moto kata ya maji. Hapo huinuka mvuke ambao Wafini huuita löyly, nao humfunika mtu kama shuka.

Mchoro ulioletwa na muuzaji ulikuwa wa kupendeza. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa wa kioo, taa zimefichwa chini ya mabenchi, na mlango umeelekezwa sebuleni ili wageni waione sauna hiyo kama pambo. Nilimwuliza shemeji swali moja tu: “Mama atatokea wapi?” Akanyamaza. Mkwe ni mkwe, hata kama nyumba ni yake. Mama yetu angetoka humo amelowa, kanga imemgandama mwilini, apite mbele ya mume wa binti yake na pengine mbele ya wageni. Kwa kumjua kwangu, asingeingia hata siku moja. Chumba kilichogharimu fedha nyingi kwa ajili yake kingeishia kuwa stoo ya mabegi, na yeye angebaki na magoti yake.

Hapo ndipo nilipoamini jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: sauna ya nyumbani isianze kuchorwa kwa ukubwa wa jiko wala uzuri wa kioo. Ianze kuchorwa kwa watu watakaoingia humo, na hasa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Kioo chenyewe kina hesabu yake. Kanuni ya kawaida ni kwamba jiko la umeme hupimwa takriban kilowati 1 kwa kila mita 1 ya ujazo wa chumba. Chumba chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 2.2 kina karibu mita za ujazo 8, hivyo jiko la kilowati 8 hutosha. Lakini kila mita 1 ya mraba ya kioo, au ya ukuta wa matofali usiohamiwa, huhesabiwa kama mita za ujazo 1.2 za nyongeza, kwa sababu hunyonya joto. Kioo cha mita 4 za mraba kingelipandisha jiko hilo kutoka kilowati 8 hadi karibu 13. Familia ingelipia pambo hilo kila wiki, na huo ni upande wa israfu.

Basi mchoro ukageuzwa. Vyumba 3 vikapangwa kwa mfuatano: chumba cha kubadilia nguo, kisha bafu, kisha sauna. Anayetoka kwenye joto hukutana kwanza na maji, kisha nguo, ndipo akutane na watu. Mlango wa sauna yenyewe hufunguka kwa nje na hauna kitasa wala komeo, bali kishikizo chepesi cha kusukuma, kwa sababu mtu aliyepata kizunguzungu hana nguvu ya kupambana na kufuli. Sitara ikawekwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilia nguo, kwa kitasa cha aina inayoweza kufunguliwa kwa nje panapotokea dharura.

Katika nchi ya baridi, adui mkubwa wa nyumba ni unyevu. Hewa ya moto iliyobeba mvuke ikipenya ndani ya ukuta na kukutana na ubaridi wa nje, hugeuka maji, na maji hayo huozesha mbao na kuzalisha ukungu pasipo mtu kuona. Kwa hiyo, juu ya tabaka la kuhami joto hutandazwa karatasi ya alumini, na kila kiungo chake huzibwa kwa utepe wa alumini. Kisha huachwa nafasi ndogo ya hewa, ndipo mbao za ndani hupigiliwa. Hewa safi huingizwa karibu na jiko na kutolewa chini ya mabenchi upande wa pili. Tundu jingine karibu na dari hufunguliwa baada ya kumaliza, ili chumba kikauke. Sakafu huinamishwa kuelekea tundu la maji. Hili la mwisho nilikuwa nalijua vizuri, kwa kuwa mahali pa kutawadhia pasipo mwinamo humsumbua kila anayeswali.

Mabenchi hayatengenezwi kwa mbao zozote. Msonobari hutoa utomvu, na vifundo vyake hupata moto wa kuunguza ngozi. Hupendwa mbao nyepesi zisizoshika joto, kama vile aspeni na alda. Nilistaajabu kuambiwa kuwa mbao nyingine inayopendwa sana huko ni abachi, ambayo hutoka katika misitu ya Afrika Magharibi. Mama alipolipapasa benchi lake alitabasamu na kusema: “Kumbe na huyu kaja kutoka mbali kama mimi.”

Kuhusu jiko, wapenzi wa sauna husema kuwa jiko la kuni hutoa joto lililo laini zaidi. Lakini linahitaji dohani, kusafishwa kwa dohani, na mtu wa kutoka nje kwenye theluji kuleta kuni. Dada yangu hufanya kazi ya zamu, hivyo umeme ulimfaa. Jiko la kilowati 8 likiwaka kwa saa moja na nusu halizidi uniti 12. Nyaya zake lazima zifungwe na fundi umeme mwenye leseni, na nguo zisianikwe kamwe juu ya mawe, kwani huko hilo ni chanzo kinachojulikana cha moto wa majumbani.

Wafini wana kanuni kwamba miguu ya aliyeketi iwe juu kuliko mawe, kwa kuwa joto hupanda. Ndiyo maana benchi la juu huwekwa sentimita 110 hadi 120 chini ya dari. Kwa mama tulitaka kinyume chake. Benchi la chini lilifanywa pana, likawekewa egemeo na kishikio cha mbao cha kumsaidia kuinuka, kwa kuwa hapo joto ni pungufu sana kuliko juu.

Kabla ya yote hayo dada alimpeleka kwa daktari, maana anatumia dawa za presha. Aliruhusiwa, kwa masharti: dakika chache, asiwe peke yake, anywe maji, na ainuke polepole. Mwenye maumivu ya kifua, aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, au mjamzito, asijiamulie mwenyewe. Kuna utafiti wa mashariki mwa Finland, uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20 na kuona kuwa waliotumia sauna mara nyingi walikufa kidogo zaidi kwa maradhi ya moyo. Ni habari njema, lakini haithibitishi kuwa sauna ndiyo sababu, wala haifuti neno la daktari wako.

Yamebaki ya adabu. Wafini huingia watupu, familia nzima pamoja. Sisi tuna mipaka yetu ya uchi, hata baina ya wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, na mipaka hiyo haiyeyuki kwa joto. Nyumbani kwa dada, Alhamisi jioni ni zamu ya mama na binti na mjukuu wa kike, kila mmoja na kanga yake ya pamba. Jumamosi ni zamu ya shemeji na wanawe. Watoto wamefundishwa pia kwamba jasho si josho: aliyewajibika kuoga janaba hatoharishwi kwa kutoa jasho, bali kwa maji na nia. Na kata moja ya maji juu ya mawe yatosha. Kumwagamwaga si ushujaa.

Nisidai kuwa mama amepona magoti. Bado huyalalamikia, na bado huitaja Tanga kila siku. Lakini dada aniambia kuwa neno la kurudi kufa halijasikika tena tangu majira yale, na Alhamisi baada ya Alasiri huwa wa kwanza kuuliza kama jiko limewashwa. Ndugu msomaji ambaye una jamaa katika nchi za baridi, au wewe unayeongeza chumba chochote nyumbani kwako, kabla ya kutia saini mchoro mwulize mzee wako atapita wapi, na atamkuta nani njiani.