Waya Mweusi wa Gari la Baba

Marehemu Baba alituachia MGB ya mwaka 1972, nasi wanawe wawili tukaifufua kwa miaka miwili hapa Leicester. Mama aliomba jambo moja tu: siku ya Idi apandishwe humo.

Wiki moja kabla ya Idi, tukikanyaga breki, indiketa za nyuma zinafifia. Tukabadili balbu, fyuzi, mpaka swichi. Kila mmoja akamlaumu mwenzake, tukawa hatusemezani.

Mwishowe tukapima. Taa zikiwa zinawaka, ncha moja ya mita tukaigusisha kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye kikombe cha taa. Palipostahili kusoma karibu na sifuri, ilisoma volti 4. Kumbe umeme ulifika vizuri, ila ulikosa njia ya kurudi. Waya mweusi wa ethi tuliufunga wenyewe juu ya rangi mpya, na rangi haipitishi umeme! Tukakwangua kwa msasa hadi chuma, tukakaza skrubu.

Gari lina viti viwili tu. Siku ya Idi mmoja wetu alimwendesha Mama. Mwingine alifuata nyuma, akizitazama taa.