Safari ya Mashua katika Bwawa la Mindu

Watu wengi hudhani kwamba kuwatembeza watoto ni jambo jepesi: hutafutwa gari, hupikwa chakula, huchaguliwa nyimbo, basi. Sisi nasi tulidhani hivyo. Leo twapenda kuwaeleza jinsi tulivyoitengeneza safari moja ndogo, mahali tulipokosea, na deni ambalo hatujalilipa hata sasa.

Sisi tu walimu watatu wa shule ya kijiji, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, juu ya Mlali. Siku moja tulikuwa tukifundisha habari za mito, tukawauliza watoto, "Kijito hiki tunachoteka maji chaenda wapi?" Mvulana mmoja akasimama, akajibu pasipo kusita, "Mwalimu, chaishia darajani." Wenzake hawakumcheka, maana wao pia hawakupata kuona mbele ya daraja.

Tukawaeleza kwamba kijito chetu huingia katika mto Mlali, na kwamba maji ya Mlali, na Mzinga, na Ngerengere, na mito mingine midogo, hukusanyika katika Bwawa la Mindu, lililojengwa ili mji wa Morogoro upate maji, likaanza kazi katika miaka ya 1980. Kisha Ngerengere hutoka bwawani, ukapita kandokando ya mji, ukaenda kuungana na Ruvu. Na Ruvu huwanywesha watu wa Dar es Salaam kabla ya kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Watoto walisikiliza kwa adabu, lakini tuliona machoni mwao kwamba hawakusadiki. Ni vigumu mtoto kusadiki kwamba maji anayoyaruka kwa hatua moja yanatosha kuunyweshea mji.

Basi tukasema, na tuwapeleke wakaone. Na kwa kuwa maji mengi huonekana vema mtu akiwa juu yake, tukasema na tuwapandishe mashua, wazunguke bwawani, waitazame milima yao kutoka chini.

Watoto walikuwa 41. Wazazi walichanga, wengine fedha, wengine mahindi na maharage. Tukaandika karatasi ndefu: gari, kuni, wali, maji ya kunywa, nyimbo tatu. Siku ya mkutano tuliisoma karatasi ile mbele ya wazazi kwa sauti ya watu waliokwisha kushinda mtihani. Tulipomaliza, bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake akainua mkono, akasema, "Walimu wangu, nimesikia habari za wali na habari za nyimbo. Je, mashua hiyo yachukua watu wangapi?"

Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Bibi akauliza tena, "Na ninyi, mwajua kuogelea?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Sisi pia tulinyamaza, maana sisi ni watu wa mlimani. Twajua kupanda na kushuka, bali kuogelea hatujui.

Usiku ule maneno ya bibi yalitunyima usingizi. Tulikumbuka mambo ambayo kila mtu wa nchi hii ameyasikia. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 200. Watu wale hawakuwa katikati ya ziwa, wala hapakuwa na tufani. Walikwisha kuiona nchi kavu, na wengine labda walikuwa wakishika mizigo yao tayari kushuka. Kilichowaangamiza ni hesabu. Nasi ndio tunaofundisha hesabu.

Basi siku ya Jumamosi wawili wetu tulitangulia kwenda kutazama. Bwawa liko karibu na barabara kuu iendayo Iringa, chini ya Mlima Mindu, wala si mbali na mji. Tukamwona mvuvi mmoja mwenye mashua ya mbao, mtu mwema na mwenye maneno mazuri. Tukamwuliza, "Bwana, mashua yako yachukua watu wangapi?" Akasema, "Wanane. Lakini watoto ni wepesi, hata 20 watakaa. Maji haya hayana mawimbi." Ndugu zangu, yatupasa kusema kweli: tuliposikia neno lile tulifurahi. Tulianza kuhesabu: 20 na 20, safari mbili tu, kazi imekwisha, na fedha itabaki. Moyo wa mtu hupenda kusikia hesabu iliyo rahisi.

Akatupandisha ili tujaribu. Asubuhi ile bwawa lilikuwa tuli kama kioo. Mashariki tuliiona Uluguru yote, mawingu yakiwa yamekaa juu ya vilele, na mashamba yetu yakionekana kama viraka vya nguo. Yangeyange walisimama ukingoni, na mnandi akatoka majini na samaki kinywani. Tukasema, watoto watafurahi sana. Tukamwomba mvuvi atupeleke mpaka mahali mto unapoingia, tupaone.

Huko ndiko tulikoshikwa. Mashua ilikwama ghafula, nasi tulidhani tumepanda juu ya jiwe. Mvuvi akatia upondo, nao ukazama katika tope karibu wote. Tulipokuwa tukihangaika, upepo ukaanza kushuka kutoka milimani, na maji yale yaliyokuwa kama kioo yakaanza kupiga ubavu wa mashua na kuingia ndani. Tulikuwa watu watatu tu, nasi tuliogopa. Mmoja wetu alisimama ili asaidie, mashua ikalala upande, mvuvi akamkemea, "Mwalimu, kaa!" Akakaa. Hapo tukaona kwa macho ya moyo watoto 20 wakisimama kwa pamoja.

Mashua ilipokwisha kujinasua, tukamwuliza mvuvi tope lile limetoka wapi. Akatutazama kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. Akasema, "Walimu, tope hili ni lenu. Kila masika mwaniletea. Zamani mahali hapa nilitega perege na kambare. Sasa hapa ni shamba." Akachota kidogo kwa ncha ya kafi, akatuonyesha. Ulikuwa udongo mwekundu, na rangi yake twaijua sana, maana ndiyo iliyo katika miguu yetu kila tuendapo kulima.

Tukarudi kijijini tukiwa na mambo mawili ya kuwaambia wazazi, na yote mawili hayakuwa matamu.

La kwanza lilikuwa la mashua. Tulisema kwamba tumekosa kwa kupanga wali kabla ya kuhesabu watu. Tukaeleza shauri jipya: tutaomba ruhusa kwa wanaolitunza bwawa, maana ni kisima cha mji, wala si mahali pa kila mtu kuingia apendavyo, tutaazima majaketi manane ya kujiokolea, watapanda watoto sita tu kila zamu, pamoja na mvuvi na mwalimu mmoja, kila zamu itakuwa nusu saa, karibu na ukingo, hakuna atakayesimama, wala atakayetia miguu majini kwa ajili ya kichocho, na upepo ukianza, kazi imekwisha, hata kama zamu hazijaisha. Wazazi wengine walinung'unika kwamba watoto wote wamechangiwa sawa. Bibi yule akasema, "Mtoto asiyepanda atalia jioni moja." Hakuongeza neno.

La pili lilikuwa la udongo, nalo lilikuwa gumu zaidi. Tulipotaja matuta, mzee mmoja akasimama. Akatukumbusha jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha Waluguru katika miaka ya 1950 kuchimba matuta ya ngazi, hata watu wakakataa, na fujo ikatokea Matombo mwaka 1955. Akasema, "Wajukuu, neno hilo lina uchungu kwetu." Tukamjibu, "Babu, ni kweli. Lakini wakati ule waliosema walikuwa watu wa mbali. Sasa twasema sisi, tuliokwama katika shamba lako." Watu wakacheka, naye mzee akacheka, akaketi. Hatukusema zaidi siku ile.

Safari ilifanyika mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi. Zamu ya kwanza iliondoka saa mbili asubuhi. Watoto walikaa kimya mwanzoni, wakishika mbao kwa mikono miwili. Kisha mmoja akauona mlima wao, akapiga kelele akiutaja kwa jina, na wote wakaanza kutafuta nyumba zao kwa vidole. Zamu sita zilikwenda na kurudi salama. Zamu ya saba ilikuwa ya watoto watano. Walikuwa wamekwisha kuvaa majaketi yao tulipoona maji ya mbali yakibadilika rangi. Upepo ulikuwa umekuja mapema.

Mvuvi alitutazama. Akasema polepole, "Ni watano tu, Walimu. Dakika kumi." Nasi tulitazama nyuso za wale watoto, na hapo tukajua kwamba jambo gumu si kuweka kanuni juu ya karatasi. Tukasema, "Hapana, Bwana." Tukawavua majaketi kwa mikono yetu wenyewe. Mmoja wao alikuwa mvulana yule aliyesema kwamba mto waishia darajani. Alilia, wala hatukumkataza.

Baadaye, wenzake walipokuwa wakila, alikwenda na mwalimu mmoja mpaka mahali palipokauka ukingoni. Akaokota bonge la udongo mwekundu, akalivunja, akalitazama sana. Akasema, "Mwalimu, huu ni wa kwetu." Tukamwambia, "Ndiyo, ni wa kwenu." Akauliza, "Utarudije juu?" Hatukuwa na jibu la kumpa, ila kwamba haurudi, uliobaki ndio wa kuzuiwa.

Mvulana yule alipofika kwao alimwomba mama yake na mjomba wake nafasi ya kupanda mabingobingo kwenye ukingo wa shamba lililo juu ya kijito. Wakampa kipande kidogo. Jirani mmoja ameiga. Hatusemi kwamba mlima wote umepona. Twasema mistari miwili ya majani imeota.

Ndugu wasomaji mnaopenda kuwatembeza watoto au wageni majini, anzeni na swali la bibi: yachukua wangapi? Nendeni kwanza ninyi wenyewe. Pangeni saa kwa kufuata upepo, wala si kwa kufuata chakula. Na mkifika juu ya maji, msitazame uzuri wa milima tu; tazameni na kile ambacho milima imekileta chini.

Sisi tuna deni la watoto watano. Kiangazi kijacho, Mungu akipenda, tutawapeleka tena, nao ndio watakaopanda zamu ya kwanza.