Taa Iliyonitia Haya

Likizo iliyopita taa yetu ya jua ilizimika. Mimi, mwanafunzi wa fizikia, niliigeuza-geuza nikashindwa. Mdogo wangu wa kike, aliyeachishwa shule ili ada yangu ipatikane, akaomba kisu. Akaifungua, akaona waya umekatika, akaukwangua, akaufunga. Taa ikawaka! Baba alicheka, mimi niliona haya.

Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 wanapoomba nafasi. Lakini alama hizo zamfaa nini aliyebaki jikoni?

Usiku ule nilimwambia Baba kwamba nitalima mashamba ya watu kila likizo, ili naye arudi darasani. Baba hajajibu. Vitabu vyangu vya zamani nimemwachia mdogo wangu.