Mawazo Yakizidi, Kamata Ukwaju

Jamani, mjini hapa kila mtu ana dawa yake ya mawazo. Wengine bia, wengine taarabu usiku kucha. Mimi ni juisi. Mwenye nyumba akishagonga mlango kudai kodi ya miezi sita kwa mpigo, miguu yenyewe inanipeleka Kariakoo kwa mama mmoja muuza juisi. Ukwaju wake wa baridi unakukunja uso kwanza kwa ukali, halafu sukari inakuja nyuma taratibu. Ukimaliza glasi unajiona mtu.

Pale kwenye benchi kuna mshikaji anashikilia kwamba pasheni inatuliza akili, eti Wazungu wanaitengenezea dawa. Si uongo mtupu, ila kachanganya mambo. Mmea wanaoutumia kutuliza wasiwasi ni wa ukoo wa pasheni, lakini si huu tunaoukamua sisi, na wanachotumia ni majani na maua, si tunda.

Kwenye matunda machachu ndiko kuna kisa chenyewe. Mabaharia wa zamani, wakikaa miezi baharini bila matunda, walishikwa na kiseyeye: fizi zinavuja damu, mwili unalegea, mtu anakosa raha kabisa. Mwaka 1747 daktari wa meli, Mskoti James Lind, aliwajaribu wagonjwa 12. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka. Vitamini C hiyo, msomaji wangu, na ubuyu wetu unayo tele. Lakini kama mwilini haijapungua, usidhani glasi ya pili itakuongezea furaha.

Halafu sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa siku, na ile ya kwenye juisi inahesabiwa humo humo. Mama nimemwomba yangu apunguze. Ananicheka.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja, akakaa nusu saa glasi haijaguswa. Hana usingizi mwezi mzima, hali vizuri, analia bila sababu. Mshikaji akaanza habari zake za pasheni. Mama akamwambia anyamaze, akavuta kigoda karibu na yule dada, wakaongea kwa sauti ya chini mpaka barafu ikayeyuka yote.

Kesho yake tulikuta ndoo zimefunikwa. Jirani wa karanga akasema wamekwenda wote wawili hospitali. Tukanunua maji.